Kiti cha Babu kwa Mtaalamu

Jumapili, 2 Juni 1996. Kendu Bay.
Nimetoka kwa jirani yangu Japheth kuona televisheni. Anatuwashia kwa betri ya gari halafu anatuangalia kama yeye ndiye aliyeivumbua. Leo kipindi cha Wazungu. Watu wanapanga foleni na vyombo vya nyanya zao, mtaalamu anawaambia thamani yavyo. Mama mmoja alileta kigoda alichokuwa akikanyagia kuanika nguo. Kusikia bei, akalia. Nami nililia kidogo. Kiti cha babu, cha miguu mitatu, si kiko pale kwa Mama!

Jumatatu, 3 Juni.
Mungu yupo. Kwenye maombi ya jioni kanisani wametangaza: Madam Marcella, mtaalamu wa vitu vya kale kutoka Nairobi, atakagua vitu vya watu Homa Bay kuanzia Alhamisi. Nimemwomba Mama kiti. Akasema ni cha ndugu yangu mkubwa Nicodemus, na Jumamosi atakikalia kupokea wageni wa Migori wanaokuja kumposa binti yake Achieng. Nikasema kitarudi mapema. Hakukubali. Hakukataa pia, alikuwa ameinuka kufukuza kuku.

Jumatano, 5 Juni.
Kiti kilikuwa aibu. Cheusi, kimejaa mafuta ya makalio ya wazee watatu. Kwetu mgeni hapelekewi kitu kichafu. Nimekipiga msasa asubuhi nzima, nikapaka vanishi mara mbili. Sasa ni kioo, unaweza kunyolea ndevu humo.

Alhamisi, 6 Juni.
Homa Bay. Japheth naye alikuja, na chungu cha nyanya yake, masizi tele. Nikasogea mbali kidogo watu wasidhani tumetoka pamoja. Madam Marcella akakipokea kile chungu kwa mikono miwili, akasema hicho ni cha makumbusho. Kisha kiti changu. Akakigeuza, akakinusa, akauliza ni fundi gani alinitengenezea juzi. Nikamweleza kazi niliyofanya. Halafu akasema ule weusi ndio uliokuwa kiti, nilichomletea ni mbao. Japheth alinibebea kiti hadi stendi. Hilo liliniuma kuliko yote.

Ijumaa, 7 Juni.
Weusi nimeurudisha. Vanishi tena, masizi, na samli juu. Mama ameingia, ameangalia, ametoka. Nicodemus amefika kutoka kisiwa cha Remba na suruali nyeupe mpya.

Jumamosi, 8 Juni.
Jua kali. Nicodemus alikalia kiti saa mbili nzima, maongezi yakienda vizuri. Akasimama kuwakaribisha chakula. Kiti kikasimama naye. Wageni wakacheka, isipokuwa mzee wao, aliyesema mwenye boma anayechezewa na kiti cha babu yake, boma lake ni la kufikiriwa kwanza. Wakaondoka bila kuposa. Achieng analia. Nicodemus amesema nisikanyage kwake. Lakini mzee alisahau usinga wake wa mkia wa ng'ombe, na Mama ameamua niupeleke Migori Jumatatu, nikaombe radhi. Nikifanya vizuri, posa itarudi na ndugu yangu atanisemesha. Nimeogopa kweli.

Jumapili, 9 Juni.
Nimeuangalia vizuri huo usinga. Mpini wa mpingo, wa tangu enzi za babu yake. Mkia umekuwa rangi ya chai. Nasikia Madam Marcella bado atakuwa Homa Bay kesho, na ni njiani tu. Maneno yake nimeyazingatia sana. Alisema kiti, usinga hakuutaja. Nimeuloweka kwa Omo tangu asubuhi.