Jinsi Kathini wa Mbooni Alivyouteka Mpira wa Sabuni Ng'aro

Enyi wa miteremko ya Mbooni, nanyi wa tambarare za Kitui, tueni majembe, zimeni redio, mje msikie vita vya Kathini binti Musyoka, mlinda lango, Mikono-ya-Gundi, aliyesimama peke yake mbele ya kampuni nzima!

Siku hiyo majeshi ya Sabuni Ng'aro yaliupanda mlima kwa vumbi na vigelegele vya kukodi. Yalikuja na bango pana kuliko goli, na kamera irukayo iliyotawanya kuku wa kata yote. Na katikati ya fahari hiyo, udhamini wenyewe: mpira mmoja.

Jumamosi iliyofuata wasichana wa Mbooni wangekuwa wenyeji wa timu ya mji wa Wote, na mwenyeji asiye na mpira hupoteza mechi kabla ya filimbi. Wao walikuwa na furushi la matambara. Kathini akautazama mpira ule, akaona doa la wino karibu na tundu la pumzi, akalitambua. Alikuwa Kitui mwaka jana, kwa shangazi yake. Aliuona ukitolewa, ukipigwa picha, ukirudi kwenye buti ya gari.

Akaja Nyamai, jemadari wa uhusiano mwema, shati jeupe kama ahadi.

"Dada, shika, cheka kidogo, halafu unirudishie. Mpira unangojewa huko Kambu."

"Kwani si mmetupa?"

"Mpira ni wa kampeni, dada."

"Na sisi?"

"Nyinyi ni wa picha."

Ghadhabu ikapanda kama moshi wa tanuri la matofali, lakini shujaa akaimeza. "Sawa, Bwana Nyamai. Ila huku kwetu hakuna jambo bila maombi. Mama Mchungaji huyu hapa."

"Maombi! Watu watapenda hiyo. Kamera, songa karibu!"

Ole wake! Hakujua kwamba Mbooni kitu kilichowekewa mikono hakirudi kwa aliyekitoa. Hata kuku wa sadaka akitorokea kwao hurudishwa kanisani.

Mama Mchungaji Nzisa akaweka mikono, akanguruma: "Baba, mtumishi wako Nyamai amekutolea mpira huu kwa ajili ya mabinti hawa. Atakayeunyooshea mkono kuuchukua, mkono huo ukauke kama mto wa Septemba! Anayekubali aseme!"

"Amina!" mlima ukaitika.

Watu wakamgeukia Nyamai. Kamera ilikuwa puani mwake, na mamake alikuwa mwanakwaya, angeiona video.

"Amina," akasema.

Baadaye akanong'ona, "Dada, sasa ule mpira..."

"Chukua tu, ndugu yangu. Mkono ni wako."

Nyamai akautazama mkono wake. Akaingia garini.

Basi chongeni miambani, enyi vizazi! Jumamosi Mbooni ilichapwa mabao manne, Mikono-ya-Gundi akiyaokota wavuni moja baada ya jingine, kichwa juu. Ilichapwa, naam. Lakini ilichapwa kwa mpira wake!