Mashine Iliyoniambia Nifute

Jumatatu, 3 Machi
Mkamwana kaleta mchezo wa yule mtu wa upanga, ule niliokuwa nikiucheza enzi zangu nikifagia ukumbi wa michezo ya mashine. Eti umefanywa upya. Upya gani! Zamani mtu alikuwa vidoti vinane, upanga viwili, na tulimwelewa. Sasa ana nywele za mawimbi, na akiruka anaguna kama wifi yangu akinyanyuka kitini.

Kiti chenyewe changu! Cha dirishani! Wifi alikuja kwa wiki moja, sasa miezi mitano. Nimemwambia: atakayekuwa wa kwanza kuliua joka la mwisho wa mchezo, kiti ni chake milele. Mwisho Jumamosi. Kacheka, eti bibi wa darasa la pili atabonyeza nini. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Nimekufa shimoni mara arubaini. Zamani ulipewa roho tatu, basi. Siku hizi roho kama maji ya bomba. Ndiyo maana watu hawana adabu.

Wifi kavuka hatua ya pili! Nimekificha kidude cha kubonyezea sandukuni, chini ya nguo zangu. Mkamwana kauliza. Nikamjibu mimi si mlinzi wa vidude.

Alhamisi, 6 Machi
Wametoka wote. Nimefika! Mlangoni pa joka! Nikataka kuzima nipumzike, mashine ikaniuliza: FUTA? Ina adabu kuliko watu wa nyumba hii. Kioo kweli kilikuwa na vumbi. Nikabonyeza NDIYO, nikachukua kitambaa, nikafuta mpaka pembeni.

Ijumaa, 7 Machi
Joka halipo! Niko shimo la kwanza! Nikapiga yowe, nikajichongea mwenyewe. Mkamwana kacheka mpaka akakaa sakafuni: eti futa ile si ya kitambaa, nimeifuta safari yangu yote. Wifi kasema angalau kioo kinang'aa, anajiona vizuri akiwa kitini. Fedhuli!

Na mkamwana wimbo mmoja: mama, rudisha kidude. Nimesema sijui kilipo. Nilikuwa nimekikalia.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi mlangoni: mama, rudisha. Nawasha mashine, nayo: RUDISHA? Kumbe wamekula njama! Nikabonyeza HAPANA, kwa nguvu. Ikaandika: HAIWEZI KURUDISHWA TENA. Mmeona? Imenyoosha mikono yenyewe! Mtu ni msimamo.

Wifi yuko kitini. Akipashe moto tu. Kabla ya jioni joka limekufa. Nimebakiza mashimo yote.