Sabufa Nyuma ya Kiti

Jumatatu, 3 Juni
Kishindo amechukua kazi nyingine ya kubeba harusi. Ni jirani yangu, mwenye pikapu iliyochoka kuliko yangu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Lakini ana sabufa, spika ya besi nzito, ndiyo maana mtaa ukampa jina hilo. Maharusi hawaangalii mlango. Mimi leo nimebeba matofali na Baba. Baba nampeleka hospitali kila Jumatatu na Alhamisi kusafishwa damu, figo zake zimegoma. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye serikali ya nyumba hii, amenikumbusha kwamba kazi ya kwanza ya gari ni Baba, mengine baadaye. Nimeitikia. Nikamwambia naenda kununua oili. Nikaenda kununua sabufa.

Jumanne, 4 Juni
Ina amplifaya yake humohumo ndani. Nzito kama jiwe la kusagia. Muuzaji aliniuliza nani ataifunga, nikamwambia mimi, akaniangalia kwa huruma. Fundi umeme wa magari wa hapo kona alitaka anifungie. Nikakataa. Mdomo wake hauna breki, Kishindo angejua kabla sijafungua hata boksi. Sabufa imekataa kuingia nyuma ya kiti cha abiria. Nimekisogeza kiti mbele mpaka mwisho wa reli zake, ikaingia. Magoti ya Baba yatagusa dashibodi, lakini siku hizi amepungua sana, hahitaji nafasi kubwa.

Jumatano, 5 Juni
Nyaya. Mwekundu kwenye betri, mweusi kwenye bodi ya gari, hayo hata mtoto anajua. Ukabaki wa bluu, mwembamba. Karatasi ya maelezo inaonyesha unakwenda kwenye redio, ili redio ikizimwa na sabufa nayo ilale. Lakini kuitoa redio ni kubomoa dashibodi nzima. Nikatumia akili. Bluu nimeufunga pamoja na mwekundu. Sabufa ikaamka papo hapo! Vioo vikatetemeka, kuku wakatawanyika. Kishindo alitoka na mswaki mdomoni, akasikiliza, kisha akauliza waya wa bluu nimeupeleka wapi. Wivu tu. Nikamwambia kila mtu na gari lake. Nimezima redio, nimechomoa ufunguo. Taa ndogo ya sabufa imebaki inawaka. Inapendeza.

Alhamisi, 6 Juni
Nimezungusha ufunguo. Tk. Basi.
Baba alikuwa ameshakaa ndani, blanketi begani, magoti karibu na kidevu. Mimi na Dada tukasukuma mpaka pumzi zikatuishia. Kishindo alikuwa ameshatoka. Tulipopata gari la kukodi na kufika hospitali, mashine ilikuwa na mgonjwa mwingine. Muuguzi akasema turudi Jumamosi alfajiri bila kukosa, maana maji yanamjaa mwilini. Baba akasema si kitu, sindano zenyewe alikuwa amezichoka. Alikuwa ananifariji mimi. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.
Fundi wa kona ameichaji betri. Anasema ni nzima, nitafute ni kitu gani hakilali humo garini. Nikamwambia betri imezeeka.

Ijumaa, 7 Juni
Miguu ya Baba imevimba, viatu havimwingii. Anapumua kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Dada ameniamuru nikitoe kile kidude leo hii. Nikamwambia nimeshakitoa. Nimekifunika gunia. Nifanyeje? Mama mmoja anayemwoza binti yake Jumapili amekuja, amesikiliza besi, kazi kanipa mimi. Mimi! Kishindo kapita akiangalia pembeni. Nikiitoa leo, nitairudisha saa ngapi? Na betri imejaa. Asubuhi litawaka tu.

Jumamosi, 8 Juni
Tk.
Dada akalifunua gunia. Akaenda kumgongea Kishindo, naye akatoka na nguo za kulalia, tukampakia Baba kwake. Hakuwasha muziki. Njiani Baba aliomba kioo kishushwe. Kilikuwa kimeshashushwa. Amekata roho kabla hatujaliona geti la hospitali.

Jumanne, 11 Juni
Tumezika jana. Harusi ya yule mama ilikwenda kwa Kishindo, naye akaikataa kwa sababu ya msiba. Sielewi mtu wa namna hiyo.
Fundi wa kona amekuja kutoa pole. Alinivuta pembeni akanieleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba waya wa bluu ungekwenda kwenye redio, gari lingewaka siku zote mbili. Nimemshukuru. Anatafuta kazi huyo. Tatizo liko wazi kabisa: betri moja haitoshi, zinatakiwa mbili.
Dada ananiwekea chakula mezani halafu ananipa mgongo.
Jioni nimekaa garini peke yangu nikalia. Nimelia kweli, mpaka nikapaliwa. Namtaka baba yangu. Kiti chake kiko wazi na hakuna wa kukikalia. Nilipomaliza kufuta macho nikachukua futi, nikapima. Kiti kikitolewa, sabufa ya pili inaingia bila hata kubanana.