Kware Itanyooka kwa Kipimo cha Mdomo Wangu

Tak. Sauti hiyo ndogo ya plastiki angavu iliposhika meno yangu mara ya kwanza, katika kliniki moja kule Donholm, haijaniondoka, na ndiyo iliyonileta mbele yenu, Mheshimiwa Mgeni wa Heshima ambaye umetuma radhi, Mwakilishi wa Mgeni ambaye uko njiani, maaskofu wa makanisa yote ya ghorofa ya chini, makeateka mnaosimamia ploti zetu za kupanga mkiongozwa na Bwana Muoki, mastekiholda, yaani wadau wote, na wananchi wa mtaa wetu wa Kware, itifaki ikizingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, Zedekiah Makokha, Mwenyekiti wa Kamati ya Unyoofu wa Meno, nitawaeleza sayansi. Daktari hupima meno yako, kisha hukutengenezea mfululizo wa vifuniko vya plastiki, kila kimoja kimenyooka zaidi kidogo kuliko meno yenyewe, nawe hukivaa saa ishirini na mbili kwa siku, ukikivua kula na kupiga mswaki tu, kikilisukuma jino robo milimita, mfupa ukiyeyuka upande mmoja na kujijenga upande wa pili, mpaka baada ya wiki moja au mbili uvae kinachofuata. (Sauti: "Hiyo tumeelewa. Viko wapi?")

Kwa kuwa kupima midomo elfu arobaini kungeleta ubaguzi, kamati, katika kikao nilichokaa peke yangu, iliazimia vifuniko vyote vifuate mdomo mmoja wa mfano, yaani wangu, na kila ploti ipate seti moja itakayozunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu ileile ya kamba za kuanikia nguo. (Bwana Muoki: "Na wenye mapengo, Mhesh?" Vicheko.) Mapengo yamo katika awamu ya pili.

Sasa Dada Jecinta wa ghorofa ya tano, ambaye jino lake la juu humchoma ufizi wa chini kila akitafuna, hata mwezi wa tatu huu anaishi kwa uji akimngoja daktari wa kujitolea atakayemtibu bure Alhamisi, amekubali kujaribu sampuli. (Jecinta: "Hakiingii." Sauti: "Sukuma, dadangu, ni maendeleo." Jecinta: "Mhesh, mbona kina joto?")

Hilo ni joto la uongozi. Utafiti wetu unaonyesha asilimia tisini na tisa ya wakazi wameridhika, na asilimia moja iliyobaki ni Dada Jecinta.

Meno wima! (Wachache: "Wima.") Kware wima! (Mmoja: "Wima.")

Nawashukuru kwa kuuvumilia mradi ambao haukuwahi kuwa na ofisi, mkataba wala plastiki, kwani seti iliyopo ni yangu binafsi, nami nimeitoa kinywani hapa hapa jukwaani. (Jecinta anatema. "Basi, mimi namngoja daktari wangu.")

Kuhusu daktari huyo, dada, usijisumbue. Nilimpigia simu asubuhi, nikamwambia Kware yote imeshanyooka, asije. Alinipongeza sana, na nafasi yako amempa mtu mwingine.