Kambakoche Ishirini na Wawili wa Shangazi Verlyn

Jumatatu, 10 Novemba

Kuanzia Grenada hadi Trinidad hakuna anayechoma kambakoche kunishinda mimi, Kimron. Kambakoche wenyewe wanalijua. Nikipita juu ya kizimba chao wanalala chali na kukunja miguu, kila mmoja akiomba awe wa kwanza. Ni kweli sijawahi kuchoma hata mmoja. Hilo ni kosa la Shangazi Verlyn, si langu. Kipaji kipo.

Nina miaka kumi na tisa. Niliacha shule, au shule iliniacha, bado tunabishana. Kazi yangu kwenye mgahawa wa Shangazi: kumenya ndizi mbichi, kuosha sahani, kufukuza paka. Meza sita juu ya nguzo, bahari chini, bati juu. Nyuma kuna jiko la mkaa, pipa lililopasuliwa katikati. Hilo siruhusiwi kuligusa.

Habari kubwa leo! Kapteni Osbert, yule anayeleta wageni kwa boti kutoka mjini St. George's kila Jumamosi, amesema Jumamosi hii hataenda kwenye mgahawa wa Bwana Hollis. Anakuja kwetu. Watu ishirini! Wakila wakaridhika, atatuletea kila Jumamosi. Shangazi aliposikia alikaa chini juu ya ndoo. Tangu Bwana Hollis atundike taa zake za rangi upande wa pili wa gati, sisi tunalisha majirani na mbwa wa majirani. Shangazi kasema bila hizo Jumamosi, Krismasi itatukuta tumefunga.

Kizimbani chini ya sakafu wamo kambakoche ishirini na wawili, wazima, wanatembea. Ishirini wa wageni, mmoja wa Kapteni. Aliyebaki nadhani ni wangu.

Nimeomba koleo. Shangazi akasema Jumamosi ikienda vizuri, Jumapili nitachoma. Nikamuuliza kwa nini kipaji kiozee stoo siku sita nzima. Akanitupia ganda la ndizi.

Delon alikuwa anasikiliza. Delon ndiye mhudumu wa Bwana Hollis. Anavaa aproni iliyopigwa pasi, kama kwamba samaki watamsalimia. Akauliza kwa sauti kama hao wageni wameambiwa kuna mtu huku aliyewahi kuunguza maji. Mara moja tu! Na ilikuwa chai.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango. Kila mtu anasema watu huenda kwa Hollis kufuata pilipili yake. Basi nikiijua siri ya pilipili, Jumamosi tumeshinda kabla ya kula.

Nikavaa kofia ya majani, miwani myeusi na shati la kanisani. Nikaingia kwa Hollis kama mtalii. Nikakaa. Nikazungumza kwa puani. Delon akanipokea kwa adabu ya ajabu. Akaniita bwana mkubwa, akanifutia meza, akaniuliza safari ilikuwaje. Nikasema ndege ilichelewa. Akanipa pole. Nikajua nimemmaliza.

Akaleta samaki na bakuli la pilipili. Akasema wageni wa heshima kwetu hawachovyi, wanakula kijiko kizima. Nikala kijiko kizima.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka masikio yakipiga kengele. Nakumbuka nikiwa baharini na shati la kanisani, mdomo wazi, nakunywa chumvi. Gati zima limejaa watu wanacheka, na Delon ananiuliza kutoka juu, "Bwana mkubwa, nikuandikie bili au utalipa ukitoka majini?"

Nimemweleza Shangazi kuwa nimefanya upelelezi wa hatari kwa ajili yake. Akaniuliza nimegundua nini. Nikasema pilipili mbuzi, haradali, ndimu, na kitu cha nne ambacho bado ni fumbo. Akasema cha nne ni tangawizi. Nikamuuliza kajuaje. Akasema anaipika yeye, kila Alhamisi, miaka minane sasa. Hollis hununua kwake.

Hakuna anayeniambia kitu katika familia hii.

Jumatano, 12 Novemba

Bahari mbaya. Boti zote zimevutwa mchangani, leo siku ya pili. Hakuna samaki kijijini. Watu wanakula mkate na kununa.

Nimepata mpango bora. Boti ya Kapteni ikikaribia Jumamosi, mtu asimame mwisho wa gati apulize lambi, lile kome kubwa la baharini. Wageni wasikie sauti kutoka kwetu! Kwa Hollis wana nini? Redio.

Nikaenda kwa Mzee Cuthbert, mvuvi, nikamwomba lake. Akanikagua kama anayenunua punda. Akanikumbusha, kana kwamba mimi si mtoto wa Anse Morin, kwamba lambi likilia samaki wamefika, na watu huja na mabakuli. Na anayepuliza bila samaki huwalisha wote waliokuja. Nikamwambia Mzee, hilo nalijua tangu naachishwa ziwa. Babake Delon alipuliza amelewa, akachinja mbuzi wake mwenyewe akilia. Hadi leo watu wanausifia ule mchuzi.

Akanipa. Kasema nijifunzie mlimani, mbali.

Nimejifunza kwa saa tatu. Sauti ninayotoa ni ya mbuzi anayejifungua. Mbuzi wawili wa kweli wamekuja kuangalia.

Alhamisi, 13 Novemba

Mlimani tena. Sasa ni mbuzi aliyekwisha jifungua. Maendeleo.

Shangazi anapiga deki, anapaka rangi mabenchi, anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pili ingawa hakuna anayeimba ya kwanza. Ameniuliza mara nne kama kizimba nimekifunga. Mara nne! Nimemwambia Shangazi, kambakoche hawaendi popote, wananisubiri.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika haraka, vidole vinanuka siagi na vitunguu saumu.

Ilikuwa alasiri. Nipo kwenye gati na lambi kwapani, natoka zangu mlimani. Delon yuko pale anafuta meza zisizo na watu. Akaniuliza hilo kome nimelioa au vipi, maana tangu juzi halinitoki. Nikamwambia kesho atanisikia. Akasema pumzi yangu inatosha kupoza uji, tena uji wa mtoto. Wapishi wa Hollis wakatoka kucheka. Hata mjakazi wa padri alicheka, na yule huwa hacheki.

Sasa nisikilizwe vizuri. Nilipiga hesabu. Siku mbili nzima lile kome limenitolea mbuzi tu. Mbuzi haiti watu. Basi hata nikipuliza hapa, hatari iko wapi?

Nikapuliza.

Mama yangu! Sauti ilitoka nene, ndefu, safi, ikapiga mlima ikarudi, ikavuka ghuba. Hata mimi niligeuka kuona nani kapuliza. Delon aliangusha kitambaa.

Kisha kimya. Kisha ndala. Ndala nyingi, zinashuka kilimani.

Kijiji kizima! Watu wa siku nne bila samaki! Kwaya ya kanisa katikati ya mazoezi, wamevaa majoho. Mwalimu mkuu na bakuli. Polisi wetu na mabakuli mawili. Bibi Philomène, ambaye kila siku miguu haimruhusu kufika kliniki, alikuwa wa tatu kufika. Wote wakatazama gati. Hakuna boti. Hakuna samaki. Nipo mimi, na lambi mdomoni.

Nikasema ilikuwa majaribio. Polisi akaniuliza majaribio yanaliwa na nini.

Shangazi akatoka jikoni akijifuta mikono. Akaniangalia mimi, akaangalia lambi, akaangalia mabakuli. Nilidhani atasema huyu si wangu. Hakusema. Akamwuliza Mzee Cuthbert tu, kwa upole, bahari ya kesho ikoje. Mzee akasema labda itatulia. Shangazi akaguna, akaenda kuvuta kamba ya kizimba mwenyewe.

Wote ishirini na wawili. Aliwapasua katikati, siagi, vitunguu saumu, ndimu, juu ya mkaa. Kwa watu themanini kila mtu alipata kipande cha kiganja, na shelisheli la kuchoma la kushibia. Watu walikaa kwenye mabenchi, kwenye ngazi, kwenye ndoo. Bibi Philomène alinyonya mguu wa kambakoche mpaka ukawa filimbi. Delon naye alikuja kula, bila aproni. Sikuwahi kuona kwetu kumejaa hivyo. Nilibeba sahani huku nikiwaambia watu huu ni mpango wangu. Na ukitazama kwa haki, mgahawa uliujaza nani?

Jioni kizimba kilikuwa kinaelea chenyewe, chepesi. Shangazi alikaa akikitazama. Nikamwambia usijali, Shangazi, kesho nina mpango. Akaniomba, tena kwa kunibembeleza, nisiwe nao.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi bahari ilikuwa imelala kama shuka. Mzee Cuthbert na wanawe walikwisha toka alfajiri bila kuambiwa na mtu. Saa nne wakarudi na samaki aina ya changu ishirini na watatu, wekundu, wanene, macho maangavu. Mzee hakutaka kusikia habari ya malipo. Kasema kambakoche wa jana walikuwa watamu, basi. Shangazi akageuka ukutani kidogo, kisha akaniita.

Akanipa koleo! Mimi! Leo, si kesho! Kasema yeye lazima awe mbele awapokee wageni, na hana mtu mwingine. Alisema jambo moja tu: nisiondoke kwenye moto mpaka arudi. Nikamwambia Shangazi, moto ndio utaogopa kuondoka kwangu.

Boti ikafika saa saba. Watu ishirini, kofia, kamera. Kapteni Osbert akawaketisha, Shangazi akawapa maji ya tangawizi, wakacheka. Nilisikia kila kitu kutoka nyuma. Nilikuwa nimepanga samaki wote juu ya wavu, wamepangwa kama wanafunzi gwaride. Mafuta yanadondoka, yanalia tss.

Kisha ukaja upepo. Upepo wa ghafla, ule wa bondeni, unaopiga nyuma tu na mbele hausikiki. Moto ukaruka. Nilipambana! Lakini upepo ni upepo. Dakika chache, changu ishirini na watatu weusi ti, ukiwagonga wanatoa sauti.

Shangazi alikuja na sinia tupu. Alisimama. Nikamweleza habari za upepo. Akashika samaki mmoja, akamgeuza, akamrudisha taratibu kama anayemlaza mtoto.

Wageni walikula ndizi na shelisheli, wakashukuru, wana adabu. Kisha Kapteni akawavusha kwa Hollis. Alimwambia Shangazi labda mwakani, msimu ukianza. Shangazi akasema sawa Kapteni, akamfungia chupa ya pilipili ya bure.

Upepo mshenzi sana ule.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeamka na mpango. Safi, hauna kasoro. Jumamosi ijayo nitaogelea hadi boti ya Kapteni kabla haijafika, nipande, niwahutubie wageni kwa puani kama mtalii mwenzao aliyewahi kula kwa Verlyn. Miwani myeusi ninayo. Kofia imekauka.

Baada ya kanisa Shangazi alikuja akivuta mabati mawili ya zamani kutoka uani. Kasema atajenga kikinga upepo nyuma ya jiko, kosa ni lake, angekijenga zamani, kijana wa watu asingehangaika peke yake. Nikashika misumari. Nikamwelekeza: Shangazi, inua kidogo kushoto. Shangazi, hapo siyo, upepo unaingilia huku. Alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye nyusi. Alijigonga kidole, akakinyonya, akaendelea.

Delon akatokea na nyundo. Hakuna aliyemwita. Akashika bati upande wa pili, akapigilia. Nilimtazama ili nijue anataka nini. Naye akanitazama muda mrefu, kisha akaomba msumari mwingine. Wivu tu. Anajua nina kikinga upepo na yeye hana.

Kimekwisha saa kumi. Kimesimama imara, kizuri, Shangazi amekipaka hata rangi ya bluu iliyobaki kwenye mabenchi. Akarudi nyuma kukitazama. Akasema sasa hata Kapteni akirudi, mwanangu hataunguza tena.

Mwanangu, kasema.

Haya. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Wakati wageni wanakunywa maji ya tangawizi, niliweka koleo chini nikaenda mwisho wa gati, nimevaa koti la mpishi la Shangazi, nimwoneshe Delon nani anachoma leo. Nilimcheka. Nilimchezea na ngoma ya mdomo. Nilimwita mfuta meza wa meza tupu. Yeye ndiye aliyeona moshi, akaninyooshea kidole nyuma yangu, nami nikadhani ananitania.

Hakukuwa na upepo.