Kiti cha Kuhojia Vyanzo

Kuanzia Jumatatu, ilitangazwa kwa vipaza sauti na magazetini, hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kuamini alichokisoma kabla chanzo chake hakijahojiwa na Serikali. Kazi hiyo nyeti ilikabidhiwa Kurugenzi ya Kuhoji Vyanzo, ghorofa ya tatu, mlango wa pili baada ya choo kibovu.

Mlangoni paliandikwa KAIMU MKURUGENZI. Neno lile la kwanza lilimkosesha mwenyewe usingizi. Alikuwa amekaimu mpaka watoto wa mtaani kwake wakadhani Kaimu ndilo jina alilopewa na wazazi. Mkewe akikasirika humwambia, "Hata hapa nyumbani unakaimu tu." Inauma, jamani. Sasa Waziri alikuwa amekubali kuja kuzindua Kurugenzi, na uzinduzi ukienda vizuri, fundi rangi angeitwa alifute neno hilo.

Kazi yenyewe Kaimu aliielewa barabara. Walimu wa chuo walikuwa wamependekeza mwanafunzi afundishwe kuhoji chanzo: nani kasema, kajuaje, na anafaidika nini. Yeye alihamishwa kutoka kitengo cha ulinzi wa maghala, kwa hiyo kuhoji alikujua. Akaagiza kiti cha mbao, taa kali na afisa mwenye sauti nzito.

Vitabu vikaanza kuletwa. Kamusi ilihojiwa asubuhi nzima ikiwa imesimamishwa wima, haikukana lolote. Kitabu cha hesabu kilikutwa na majibu kurasa za nyuma, ikadhihirika kwamba kilifundishwa cha kusema. Juzuu moja ya ensaiklopidia ilikataa katakata kueleza wenzake wako wapi. Kila kilichokaa kimya kilifungiwa stoo, na kwa kuwa vyote vilikaa kimya, maktaba ya chuo ikabaki na rafu na mkutubi wake. Kaimu aliandika ripoti ya furaha: wanafunzi hawaamini tena chochote wanachosoma, maana hawasomi.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, binti wa dada yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akabisha hodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kiketi pale."

"Nani?"

"Kitabu. Wewe simama."

"Sina kitabu, mjomba. Vyote mmevifungia. Nimekuja kuomba mvitoe. Nisipowasilisha utafiti wangu wiki ijayo, narudia mwaka mzima."

"Unatafiti nini?"

Binti akaonyesha bango ukutani: WATAALAMU WANASEMA WANANCHI HUAMINI KILA WANACHOSOMA. "Kurugenzi yenu yote imesimama juu ya hiyo sentensi. Natafuta nani kaisema."

Kaimu akajaa fahari hadi tai ikambana shingoni. "Damu yangu kabisa hii! Utaihoji mbele ya Waziri, aone tunavyofanya kazi. Lile neno langu likifutwa tu, stoo nakufungulia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mjomba."

Siku ikafika. Viti vya plastiki vilipangwa, na maji ya chupa yakawekwa mbele ya wakubwa peke yao. Bango likakalishwa kwenye kiti cha mbao. Afisa mwenye sauti nzito akawasha taa.

"Nani kasema?" binti akaliuliza.

Bango likanyamaza. Afisa habari wa Kurugenzi akalionea huruma, akasimama. "Maneno hayo mimi niliyachukua gazetini."

Mhariri wa gazeti naye akasimama. "Sisi tuliyatoa kwenye hotuba ya Waziri."

Waziri akacheka kicheko cha mkubwa. "Hotuba huwa naandikiwa. Hiyo aliniandikia Kaimu."

Ukumbi mzima ukamgeukia Kaimu.

"Kajuaje?" binti akauliza, taratibu, kwa adabu zote za mpwa.

"Mimi... niliyasoma kwenye bango."

"Na anafaidika nini?"

"Anataka afutiwe Kaimu!" mkewe akapaza sauti kutoka viti vya nyuma, na watu wakavunjika mbavu.

Afisa mwenye sauti nzito hakucheka. Yeye ni mtu wa mwongozo, na mwongozo, alioutunga Kaimu mwenyewe, unasema chanzo kinachojitaja chenyewe kiwekwe kitini. Akaliondoa bango. "Keti, mzee."

"Wewe! Unajua mimi ni nani?"

"Ndilo swali la kwanza hilo, mzee. Nani kasema?"

"Waziri! Waziri ndiye aliyeniteua!"

Afisa akaigeuza taa kwa Waziri. Waziri akatazama saa, akakumbuka kikao kingine. Akaondoka mbiombio bila kunywa maji yake, akiagiza mlangoni kwamba vitabu virudishwe chuoni leo hii, na lile neno lifutwe, kila mmoja ashike njia yake.

Kesho yake asubuhi, binti alikuwa maktaba, amezungukwa na vitabu, anaandika huku anatabasamu peke yake. Kaimu naye alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa na viatu vilivyopigwa kiwi. Pamoja na yote, neno lilikuwa linafutwa.

Lilikuwa limefutwa kweli. Fundi rangi alikuwa anasafisha brashi yake chini ya maandishi mabichi: INADAIWA NI MKURUGENZI.

"Nani kasema uandike hivi?" akafoka.

"Sijui, mzee," fundi akajibu, akifunika kopo lake. "Wataalamu."