Dole Gumba la Tindikali

Njooni, enyi wa vitanda vya juu na enyi wa vitanda vya chini! Tueni miswaki yenu, msikie habari kuu ya Tindikali, binti wa fundi saa, tishio la bweni la pili, aliyeingia vitani dhidi ya gundi kali kwa dole gumba moja tu.

Asubuhi ile, kiranja alipokwenda kupiga kengele, Tindikali alipiga magoti kando ya kitanda cha kiranja huyo, akaipaka ndara ya adui gundi, akaikandamiza sakafuni kwa ushujaa usio kifani. Lakini gundi ile, ambayo unyevu huigandisha badala ya kuilainisha, ilikutana na jasho la dole gumba la shujaa, ikaganda papo hapo.

"Kijiko, nimenasa!" alimnong'oneza mwandani wake.

"Na matroni ndiyo anakuja kukagua! Kosa moja tena, unarudishwa nyumbani ukamlete mzazi!"

Kijiko, mwaminifu kuliko ngao, akachomoa ndani ya soksi silaha ya magendo, dawa ya kutoa rangi ya kucha, akaimimina yote. Gundi haikutikisika. Tindikali akasoma lebo, akaguna kama simba aliyejeruhiwa.

"'Haina asetoni. Laini kwa kucha.' Kijiko! Asetoni ndiyo inayoyeyusha gundi! Ulinunua nini sasa?"

"Nilipenda kifuniko chake."

Hapo akaingia kiranja, mkuu wa kengele na fagio. "Tindikali, unaisujudia ndara yangu?"

"Naiheshimu tu, dada kiranja."

Visigino vya matroni vikalia ukumbini. Kiranja akatazama mlango, akatazama kabati lake. "Akikukuta hapa, atapekua na vyangu." Akafukua kwenye kopo la poda kichupa kidogo: asetoni tupu! "Hujaona kitu."

"Nimepofuka, dada."

Tone kwa tone likashuka kwenye dole, nayo gundi, jeuri ya majeuri, ikalegea kama uji. Dole likatoka, jekundu, huru!

Matroni akaingia, akanusa. "Harufu gani hii?"

"Usafi, matroni," wakajibu watatu kwa sauti moja.

Akaisukuma ndara kwa ncha ya kiatu ainyooshe. Haikusogea. Akasukuma tena. "Na hii je?"

"Ina nidhamu, matroni," akasema kiranja.

Matroni akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akapita. Na vizazi vijavyo vya bweni la pili vifagie kwa adabu kuizunguka ndara ile, kwa maana ingali pale pale, mnara wa siku dole gumba moja liliposhinda.